Kisu Chenye Dira

Kile kisu nilikinunua kwa macho, na macho yenyewe yalikuwa bado ya mtoto wa darasa la tano. Filamu ya First Blood ilitoka mwaka 1982. Sisi tuliiona miaka mingi baadaye, bandani kwa video, tumebanana kwenye mabenchi, na tulitoka pale tukiwa tumekubaliana kwamba mwanamume kamili ni mwenye kisu chenye meno mgongoni. Basi nilipokiona Kariakoo, mpini uko wazi ndani, humo mmefichwa kiberiti, ndoano na uzi wa kuvulia samaki, na kifuniko kina dira, sikuuliza hata ni chuma gani. Nilipatana bei kidogo, kulinda heshima tu.

Wiki mbili baadaye tulikuwa milimani Uluguru, mimi na shemeji zangu wawili, tumepiga hema kando ya migomba ya mzee mmoja aliyetupokea. Mvua ilinyesha usiku kucha. Kuni zote ziliroa, lakini mimi nilikuwa nimesoma: gogo kavu likirowa, maji huishia juujuu, moyo wake hubaki mkavu. Unalisimamisha, unaweka makali juu yake, unagonga mgongo wa kisu kwa rungu mpaka lipasuke. Nikawaambia shemeji wakae mbali. Walikaa mbali, simu mkononi.

Pigo la kwanza, kisu kikaingia. La pili, kikanasa. Yale meno ya mgongoni kazi yake ikawa kutafuna rungu langu. Nikashika mpini kwa mikono miwili, nikavuta. Mpini ulikuja. Kisu hakikuja. Nilijikuta chali kwenye magimbi, na ndipo nilipoijua siri: mpini ule ulikuwa na nafasi ya ndoano kwa sababu chuma hakimo. Kilikuwa kimeingia kiasi cha kucha ya kidole gumba, kikashikwa na nati moja. Dira ilikuwa nzima, sisemi uongo. Ilionyesha kwamba nimeangukia kaskazini-mashariki.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Ulinunua kisu, au kibweta?”

Alipasua gogo kwa panga, mara moja, bila hata kutua sigara. Kisha akachomoa kisu chake kiunoni kuchonga vijiti vya kuwashia. Kilitengenezwa kwa springi ya gari, chuma kimoja toka nchani hadi kisogoni mwa mpini, mbao mbili zimekibana kwa ribiti. Hakina meno wala dira.

Mhunzi wake nilimpata Morogoro mjini. Nikamwambia nataka sentimita 25. Akauliza kama nina ng'ombe wa kuchinja. Nikasema ni cha kambini. Akaupima upana wa kiganja changu kwa macho, akanitengenezea cha sentimita 11. Chuma kile hushika kutu, akaniusia nikipake mafuta ya kupikia na nisikirudishe alani kikiwa kimelowa.

Usia ule sijapata nafasi ya kuutimiza. Siku niliyorudi, mke wangu alikijaribu kwenye kitunguu, kisha kwenye limau, kikaingia doa jeusi ambalo halijatoka mpaka leo. Kimehamia jikoni. Juzi nimemwambia tunarudi Uluguru mwezi ujao, nitakihitaji.

“Si una dira?” akasema.