Sifa za Injini Iliyooga

Malaria imetengewa siku yake duniani, 25 Aprili. Choo nacho kimepewa 19 Novemba. Lakini ile hitilafu ya umeme inayolipata gari mara tu injini inapooshwa, hitilafu iliyowatendea mema mengi watu wa Mwandiga mkoani Kigoma, haijatengewa hata nusu saa. Kazi yake ni kusimangwa, tena na watu wale wale walioiita kwa pesa zao.

Nianze na ukweli wake. Maradhi mengi ya gari ni manafiki. Beringi hulika kimyakimya, gasketi huvuja kwa siri, na siku ya kujitangaza huchagua porini, usiku, abiria wakiwa wamelala. Hii yetu hujitokeza pale pale inapooshewa gari, kijana wa presha hajakunja hata mpira wake. Unawasha, injini inamisi, gari zima linatetemeka kama mwenye homa, na taa ya cheki injini inakukodolea jicho la njano. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mbona asiyeficha hatumpongezi?

Tazama pia jinsi inavyofanya kazi kwa ustadi. Katika injini nyingi za petroli za siku hizi, kila plagi imekaa ndani ya kisima chake, na koili imeifunika kwa juu. Koili huchukua volti 12 za betri na kuzipandisha hadi makumi ya maelfu, ili cheche iruke pengo lisilofika milimita mbili. Mpira wake ukishakakamaa, presha hupenyeza maji hadi kisimani. Umeme nao si mpumbavu: ukiona njia ya mteremko, hauna haja ya kuruka. Hupita kwenye maji, ukaishia kwenye chuma. Maji safi kabisa yangeupitisha kwa shida, ndiyo maana sisi huyasaidia kwa sabuni ya unga na vumbi jekundu la barabarani. Yakiingia kwenye soketi za sensa, ambazo huzungumza na kontroliboksi kwa volti 5 au pungufu, hupeleka habari ambazo hazijatokea. Kontroliboksi, kwa utii wake, hupima petroli kwa kufuata uvumi huo.

Najua kuna atakayeniletea hoja ya Liemba, maana mkoa huu hauwezi kujadili maji na mashine bila kuitaja meli hiyo. Ilipokuwa bado ikiitwa Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai 1916 ili adui asiipate, na mainjinia wake wakatangulia kuipaka mitambo grisi nzito. Waingereza waliiibua 1924, na tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini. Ziwa Tanganyika lote liliiosha ile mitambo miaka karibu minane, wala hakuna taa iliyowaka. Hoja nzuri. Lakini ile ilikuwa mashine ya mvuke, haina koili, haina sensa, haina kontroliboksi, ingeumwa wapi? Hata lori kuukuu la dizeli, ambalo mafuta yake huwaka kwa mgandamizo tu bila plagi ya cheche, huoshwa likiendelea kuunguruma. Hitilafu hii haikai na mashine zisizo na elimu. Mwenye gari linalomisi avimbe kichwa: lake limesoma.

Faida kwa jamii sizimalizi. Gari zima hupita njia panda ya Mwandiga likawaachia watu vumbi. Likimisi, wanakuja bodaboda watatu, muuza mawese, na mzee aliyewahi kuwa utingo wa basi la Manyovu.

"Bosi, hiyo ni pampu."

"Pampu wapi! Plagi feki hizo."

"Shemeji, hujadaiwa na mtu kweli?"

Fundi umeme akifika, huuliza swali ambalo jibu lake analiona likichuruzika: "Umeosha injini?" Dereva hujibu, "Kidogo tu." Koili zinachomolewa, zinapulizwa kwa kompresa ya fundi pancha, naye fundi pancha anapata chake. Mama ntilie anauza wali maharage. Abiria wawili walionuniana tangu Kigoma mjini wanagundua kwamba bibi zao ni wa Mahembe, tena nyumba moja. Mkutano gani wa hadhara umewahi kufanya hayo bila posho?

Lakini sifa kubwa nimeiweka mwisho. Injini hukaa chini ya boneti, haipiti harusini, hakuna anayeitazama. Kwa nini basi mtu aioshe? Mara nyingi ni kwa sababu gari linauzwa, na mwenyewe hataki mnunuzi aone oili inavyotiririka ubavuni. Sabuni hufuta ushahidi wote. Hapo ndipo hitilafu yetu inaposimama shahidi peke yake: injini inang'aa kama nini sijui, na inatetemeka. Mnunuzi anaingiwa na shaka, anauliza, anainama, anatazama chini.

Kwa bahati mbaya ina maadui. Hao husubiri injini ipoe. Hufunika altaneta, koili na soketi kwa nailoni, wakasugua kwa brashi na kitambaa chenye unyevu, presha hawaitaki, kisha wakaacha boneti wazi pakauke. Tanzania ilipopiga marufuku rambo tarehe 1 Juni 2019, sisi watetezi tulishukuru kimoyomoyo kwamba wamenyang'anywa silaha. Wapi! Walitafuta nailoni nyingine wakaendelea.

Matokeo yake ni haya. Gari linaoshwa, linawaka mara moja, linanguruma vizuri, linaondoka. Fundi umeme anacheza bao. Wali wa mama ntilie unapoa. Wajukuu wa Mahembe wanashuka kila mmoja na njia yake. Na mnunuzi aliyeridhika, aliyehesabu pesa akitabasamu, atajua linavuja oili akishaipita Kidahwe.