Kwa Mabwana wa Theluji, kutoka Muheza

Kwa Shirikisho la Kimataifa la Ski na Snowboard (FIS), Uswisi.

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kutoka Muheza, wilaya ya machungwa, ambako theluji haijawahi kupotea njia ikafika. Tunawapongeza. Mliposhirikiana na asasi ya Cool Earth kulinda misitu ya mvua, mlijitangaza kuwa shirikisho la kwanza la michezo duniani lililo "chanya" kwa tabianchi, yaani hewa ukaa inayozuiwa misituni inazidi ile mnayoitoa. Rais mliyemchagua mwaka 2021, Johan Eliasch, aliiongoza kwa miaka mingi Head, kampuni inayotengeneza ski, na ni mwasisi mwenza wa hiyo Cool Earth. Muuza ski, mwenye mashindano na mlinzi wa msitu wakawa mtu mmoja, jambo linalofupisha sana vikao.

Kinachotutatiza ni hesabu. Msitu wa Amani, huku Usambara Mashariki, ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997. Miti yake inavuta hewa ukaa mashindano yawepo yasiwepo, na ndege iliyokwisha kuruka Ulaya haishushwi na mti uliosimama Muheza. Tena msitu haulindwi bure. Ili kuhifadhi msitu wa Derema, jirani ya Amani, wakulima zaidi ya 1,000 walitakiwa kuacha iliki yao iliyokuwa ikistawi chini ya miti, na wengine wakaisubiri fidia miaka kadhaa. Mpango wenu haukuwa huku, tunajua, lakini popote penye msitu pana mtu aliyeambiwa aweke panga chini. Yeye hupunguza kweli. Ninyi mnaandika.

Mtajibu kwamba moshi mwingi si wenu, ni wa wasafiri. Sawa, lakini ratiba ni ya nani? Februari 2023 wanamichezo wenu wenyewe, Mikaela Shiffrin akiwamo, waliwaandikia wakitaka msimu uchelewe kuanza na safari za kwenda na kurudi kuvuka Atlantiki zipungue. Hilo liko mkononi mwenu kuliko mti wowote. Kule Zermatt na Cervinia, mpakani mwa Uswisi na Italia, mbio za 2022 zilifutwa kwa kukosa theluji. Mwaka uliofuata makatapila yakachimba barafu ya mlimani kutengeneza njia, kisha theluji nyingi na upepo vikazifuta tena. Barafu ilichimbwa, mbio hazikukimbiwa. Sijui hasara ya namna hiyo huandikwa safu gani.

Mtasema pia kwamba msitu unahitaji fedha. Unahitaji mno, na mtu wa Tanga anayekunywa maji ya Mto Zigi, unaoshuka kutoka Amani, hawezi kubisha. Basi toeni, na muandike kuwa mmetoa. Anayechangia ujenzi wa msikiti hasamehewi kwa hilo deni la dukani. Punguzeni kwanza safari, mtaje zilikuwa ngapi na sasa ni ngapi, ndipo msitu uje kama nyongeza.

Mkiona hayo ni mazito, tunaomba nasi tuhesabiwe kwa kanuni yenu. Muheza haijawahi kuwasha mashine ya kutengeneza theluji, haijachimba barafu, wala haijasafirisha timu ya ski kuvuka bahari yoyote. Akiba hiyo ni ya miaka mingi na haijauzwa. Tutajieni bei.