Nyumba Yenye Tabia

Nyumba ya marehemu baba hapa Masara ilitiwa stima zamani, enzi za waya mwekundu kuwa ndio wenye moto na mweusi ndio wa nyutro. Siku hizi ni kahawia na buluu. Kati ya enzi hizo wamepita mafundi wanne, kila mmoja na rangi zake. Sisi tuliolelewa humo tulizijua tabia zake kama za shangazi mkali: swichi ya bafu haiguswi kwa mkono mbichi, pasi ikiwaka, TV ipumzike, taa ya sebuleni huwashwa kwa kupiga ukuta kofi, chini kidogo ya kalenda.

Shida ni kwamba mnunuzi hakulelewa humo.

Asubuhi ya kuja kwake nilimwita fundi. Akafungua sanduku la fyuzi, akanyamaza, akavua kofia kama aliyefika matangani. Kazi ya fyuzi ni kufa kwanza: stima ikizidi, kiwaya chembamba kinaungua, nyumba inapona. Baba, alipochoka kununua viwaya, alitia msumari. Wa inchi 3.

"Mwalimu," fundi akasema, "huyu hafi. Mtakufa nyinyi."

Nikauliza bei ya kubadilisha nyaya zote. Alipoitaja, nikauliza bei ya kalenda kubwa zaidi.

Mnunuzi alifika saa nane. Nikamtembeza nikiziba kila soketi kwa mgongo, kama kipa. Kumbe binamu yangu kutoka Nairobi, kwa ukarimu, amechomeka birika la stima jikoni. Tukasikia mlio kama wa bisi, kisha harufu ya plastiki, kisha friji ikakoroma mara ya mwisho.

"Tokeni zimeisha," nikasema.

Binamu akachungulia mita. "Hapana, ziko yuniti 84!"

Nikakata tamaa, nikaungama yote: msumari, bafu, kofi la ukutani. Nikashusha bei kabla sijaombwa. Hapo ndipo nilipogundua kuwa mgeni hakuwa ameinua macho tangu aingie. Alikuwa akigonga sakafu kwa kisigino, akisikiliza. Nilikuwa nimesahau kwamba Masara ni kwa wachimba dhahabu.

"Mwalimu, stima si neno," akasema. "Hebu niambie, mlipochimba choo, yale mawe meupe mliyakuta futi ya ngapi?"

Nikairudisha bei palepale, nikaongeza na ya msumari.