Hotuba ya Bingwa wa Nywele kwa Wanakijiji wa Mloka

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee, akina mama, na nyie vijana wa bodaboda mliofuata kivuli cha mwembe: shikamooni. Marahaba. Nimeitikia mwenyewe kuokoa muda.

Somo ni dawa ya kupaka nywele zinapokatika. Lakini kwanza, mimi ni nani? Mimi nimekaa kiti kimoja na profesa kutoka Kibiti mpaka hapa. Alisinzia kabla sijamaliza kujitambulisha, maana yake hakuwa na la kupinga. Kofia siivui; ni vazi la taaluma.

Haya. Minoksidili ilianza kama kidonge cha presha, Marekani, 1979. Wagonjwa wakaota manyoya, basi 1988 ikaidhinishwa ya kupaka. Wangenishirikisha mimi, ingetoka 1978, mwaka mmoja kabla ya kidonge chenyewe.

Karatasi ya kwenye boksi inasema mililita 1, mara 2 kwa siku, kwenye ngozi kavu isiyo na kidonda. Hiyo ni kwa vichwa vya kawaida. Mimi nilimimina nusu chupa. Moyo ukadunda kama ngoma ya unyago, kiza kikatanda, nikajikuta mkekani. Huyu dada nesi anayeguna hapo mbele akasema dawa imeingia kwenye damu, presha imeshuka. Mimi nasema nywele zilikuwa zinavuta pumzi.

Eti unawe mikono ukishapaka! Sikunawa, na tazameni manyoya haya shavuni: dawa inafanya kazi, ila haijui njia. Paka wangu alinilamba shingo, akafa. Nesi anadai kwa paka hata tone ni sumu. Mimi naona ni kijicho, ingawa yeye manyoya alikuwa nayo.

Kisha nikaletewa mtoto wa mapunye. Kabla sijafungua chupa, nesi akadakia: mapunye ni fangasi, yanataka vidonge kwa wiki kadhaa, na dawa hii si ya mtoto, mjamzito wala anayenyonyesha. Elfu tano ya yule mama sikurudisha. Ilikuwa ada ya ushauri.

Wiki za mwanzo nywele hunyonyoka zaidi. Vumilieni miezi 4. Ukiacha, zilizoota zinaondoka. Mimi natumia mwaka wa 3 sasa, na matokeo mtayaona siku nita...

Lo! Upepo gani huu wa Rufiji? Msicheke! Nani kasema kiboko katoka mtoni? Wewe kijana wa bodaboda, naomba kofia yangu.