Jinsi ya Kuafikiana: Mwongozo kwa Mwenyekiti Mpya wa Jopo la Madaktari

Hongera, Daktari, kwa kupewa jopo la kuandika mapendekezo ya tiba. Kazi ya kwanza ni kutafuta swali, na swali zuri ni lile lisilo na jibu. Pakiwa na majaribio makubwa mawili yaliyotoa tokeo moja, wataalamu wa nini? Karani atanakili. Usihofu kwamba maswali ya aina hiyo yataadimika. Mwaka 2009 Pierluigi Tricoci na wenzake walipekua miongozo ya magonjwa ya moyo ya Marekani, wakakuta kwamba kwa kawaida asilimia 11 tu ya mapendekezo ndiyo yenye ushahidi wa daraja la juu. Asilimia 48 yalikuwa daraja la chini kabisa, ambako maoni ya wataalamu ndiyo nguzo. Riziki yako iko hapo.

Kikao kiitishe Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, Marekani. Sifa za mji zipo: A. B. Baker wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliasisi Akademia ya Neurolojia ya Marekani mwaka 1948, na makao makuu yake yako hapo hapo mjini. Chagua Januari. Nyuzi zikiwa 20 chini ya sifuri hakuna mjumbe atakayetoroka. Ataishia kwenye zile njia za vioo zinazounganisha majengo juu ya barabara, na huko utamkamata.

Faida kubwa zaidi ni adabu ya wenyeji. Mtu wa Minnesota akisema pendekezo lako "ni tofauti kidogo", jua amelichukia, ila hatakuaibisha mbele za watu. Tazama na sahani ya donati: ya mwisho haichukuliwi na mtu. Hukatwa nusu, nusu ikakatwa robo, hadi ibaki chembe ambayo kila mmoja amemwachia mwenzake. Rasimu yako nayo ipite humo humo.

Wajumbe wawe marafiki zako, pamoja na mbishi mmoja ili jopo lionekane huru. Mkaribishe pia muuguzi wa zamu ya usiku, tuseme Mkenya wa kitongoji cha Brooklyn Park, mumkalishe mwisho wa meza. Kila mmoja atangaze maslahi yake. Ni jambo la heshima katika jimbo hili, lililokuwa la kwanza Marekani kuyataka makampuni ya dawa yataje malipo yanayowapa madaktari. Sheria hiyo ni ya 1993, na zawadi iliwekewa kikomo cha dola 50 kwa mwaka. Wakishatangaza, waendelee na maslahi yao. Kutangaza si kuacha.

Sasa piga kura kwa mbinu ya Delphi: wajumbe wanajibu kwa siri, wanaonyeshwa majibu ya wenzao, wanajibu tena, hadi wachoke. Usidhani ilizaliwa hospitalini. Norman Dalkey na Olaf Helmer waliitumia katika shirika la utafiti la RAND miaka ya 1950, wakiwauliza wataalamu saba ni mabomu mangapi ya atomiki ambayo Wasovieti wangehitaji ili kuvivuruga viwanda vya Marekani. Raundi ya kwanza majibu yalianzia 50 hadi 5,000. Mwishowe yakasogeleana kati ya 167 na 360. Kama yalikuwa sahihi, bahati nzuri hakuna aliyekwenda kuhakikisha. Mbinu iliyowapatanisha watu kuhusu mwisho wa dunia haitashindwa na dozi ya kikohozi. Kizingiti cha makubaliano, kiwe asilimia 70 au 80, kitaje baada ya kuhesabu kura.

Kisha kuna kitenzi cha pendekezo, na hapa usiwe na haraka, maana wagonjwa watapona au hawatapona kwa neno hili moja. Akademia ya Neurolojia imepanga mapendekezo yake kwa ngazi: A daktari ni lazima afanye, B inampasa, C anaweza. Utaratibu wa watu makini, kwani ngazi hupanda kwa ushahidi. Wewe huna ushahidi, basi kimbilia "anaweza", ukiongeza "inapofaa" na "kwa mgonjwa anayestahili". Hapo hata mbishi wako atatia sahihi, na ukurasa wa kwanza uandike kwamba jopo liliafikiana kwa kauli moja.

Kusambaza kusikuchoshe. Serikali ya Marekani ilikuwa na ghala la miongozo lililosomwa bure, likafungwa Julai 2018 fedha zilipokatwa. Chapisha katika jarida la kulipia, na muhtasari uwe mfupi kiasi cha kupoteza kila "inapofaa" uliyoihangaikia.

Wiki chache baadaye, saa tisa usiku, yule muuguzi atakupigia simu kutoka wodini. Ameisoma kauli nzima, viambatisho vyote. "Samahani kukuamsha, Daktari. Sasa huyu mgonjwa nimpe dawa, au nisimpe?" Mwambie anaweza.