Tangazo la Duka la Ami

Ami yangu, auzaye leso katika Mtaa wa Biashara mjini Mombasa, amejaaliwa ulimi uwezao kumwuzia doti nzima mtu aliyeingia dukani kuuliza njia, bali kalamu hakujaaliwa, na alipoona kwamba majirani zake wanabandika matangazo milangoni, aliniita mimi, nidhaniwaye katika ukoo wetu kuwa nina ilimu ya insha, akaniambia, "Mwanangu, niandikie maneno ya kuleta washitiri."

Kabla yangu alikuwa amemjaribu mjukuu wake, kijana aliyeandika kwa lugha ya vijana wenziwe, kila neno likifuatwa na alama za mshangao zilizosimama kama fito za ua. Bibi mmoja alilisoma tangazo lile kwa taabu, akauliza kama kuna moto, akaenda zake mbio.

Mimi niliona kwamba kilichokosekana ni adabu. Nikaanza, kama ipasavyo, kwa kumhimidi Mola na kumsalia Mtume, kisha nikawajulisha ndugu, jamaa na marafiki, wa karibu na wa mbali, kwamba Bwana fulani bin fulani, muungwana aliyewatumikia watu wa mji huu kwa uaminifu umri wake wote, na ambaye hakuna aliyepata kumsikia akitamka neno baya, anawaomba wote wajaaliwao nafasi wahudhurie kwake baada ya sala ya alasiri. Bei sikuitaja, kwa kuwa haina hadhi; na leso zenyewe zilipata mahali chini kabisa, karatasi ilipokuwa karibu kwisha. Haya yote yalikuwa katika mtaa ule ule lilipo duka la ukoo wa Kaderdina Hajee Essak, walioanza biashara ya leso mwaka 1887, na ambamo jina la leso, yaani yale maneno machache yachapwayo karibu na pindo, huweza kuwagombanisha majirani wawili bila ya dibaji wala salamu.

Alasiri ilipowadia, kina mama walikuja kwa makundi, mabuibui yamefunika nyuso, kilio kikiwatangulia. Mzee mmoja akauliza maziko ni saa ngapi. Wakamkuta ami juu ya kiti chake, anatafuna tambuu, akawaambia, "Karibuni, karibuni." Aibu iliyowashika haina kifani, kwani ni vigumu kuondoka mikono mitupu katika taazia ambayo marehemu mwenyewe ndiye anayekupokea. Kila mmoja alinunua doti. Na yule aliyekuwa amelia kuliko wote alichukua doti tatu, ila alishikilia apunguziwe bei kwa ajili ya machozi yake.

Jioni, rafu zikiwa nyeupe, ami alinivuta kando, akalitazama lile tangazo kwa mapenzi makubwa, akasema, "Maneno yako mazuri, mwanangu. Idi ikikaribia, niue tena."