Naomba Kurudishiwa Jina Langu

Kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi,

YAH: KUOMBA KURUDISHIWA JINA LANGU, LIKIPATIKANA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza pokeeni pongezi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika tarehe 1 Mei 2023, tunaambiwa taarifa zetu zinatunzwa. Sibishi. Juzi kanipigia kijana mmoja anayezitunza zote. Alinitaja majina matatu, kwa mpangilio ule ule wa kwenye kitambulisho, jambo ambalo hata mashemeji zangu hulikosea. Akasema anatoka huduma kwa wateja. Hakunisubirisha kwa muziki, hakuniambia bonyeza moja, hakusema mtandao uko chini. Alitaka kitu kimoja tu: nimsomee tarakimu sita zilizoingia kwa meseji, "tukamilishe uhakiki, mzee wangu, laini isifungwe."

Ningemsomea, kabla ya magharibi WhatsApp yangu ingekuwa mikononi mwake, na ukoo mzima ungekuwa unaombwa laki mbili "mpaka kesho" kwa picha yangu ya harusi. Kilichomuumbua ni namba. Mtoa huduma wa kweli hupiga kwa 100, na tarakimu zile haulizi hata siku moja.

Tangazo la "usimpe mtu usiyemjua taarifa zako" nimelisoma na ninaliunga mkono. Nisaidieni tu kulitekeleza. Nikifika getini, mlinzi ananipa kauntabuku: jina, simu, unatoka wapi, unaenda kwa nani, saini. Wakati nasubiri kalamu, nasoma habari za walionitangulia. Gesti wanataka hayo yote, na kabila juu. Dukani kwa mtoa fotokopi, nakala ya kitambulisho iliyotoka imefifia huwekwa pembeni. Ikionekana tena, imefungia vitumbua.

Na mla vitumbua akiwa mjanja, kazi yake ni nyepesi. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwa kuwa wengi wetu tumeufanya mwaka wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya pesa za simu, karatasi ile ina mafuta kuliko kitumbua chenyewe.

Kisha kuna kidole. Mwaka 2019 tuliambiwa tusajili laini upya kwa alama za vidole, na foleni za kuelekea tarehe 20 Januari 2020 hatujazisahau. Nia ilikuwa njema: kila namba iwe na mwenyewe. Matapeli wameitikia wito kwa utii mkubwa. Laini zao zimesajiliwa, ila kwa majina ya wengine. Wakala wa chini ya mwamvuli anamwambia bibi: "Kidole hakijasoma, bibi, weka tena. Futa jasho. Weka na cha pili." Bibi anaondoka na laini moja, mwamvuli unabaki na nyingine. Siku mtu akituma hela kwa kuamini meseji ya "ile hela nitumie kwenye namba hii", jina linalotokea ni la bibi, muuza dagaa mwenye kitochi, na ndiye atakayeulizwa kwanza.

Mamlaka ya Mawasiliano imetuelekeza tupige *106# tuone namba zilizosajiliwa kwa vitambulisho vyetu, na meseji za matapeli tuzipeleke 15040. Tunafanya, na ambaye hajafanya afanye leo. Akikuta namba asiyoijua asiifurahie kama urithi, aende kwa mtoa huduma wake ikafungwe. Lakini hapo ni kumsaka mwizi akiwa ameshavaa shati langu. Kwa hiyo naomba yafuatayo:

Mosi, sheria inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahususi na zisizidi mahitaji. Naomba kujulishwa lengo mahususi la kabila langu gesti.

Pili, kila laini mpya ikisajiliwa kwa kitambulisho changu, nipate meseji kwenye laini yangu ya zamani. Msiseme ni vigumu. Matangazo ya kubeti yananifikia saa nane za usiku, njia ipo.

Tatu, lile tangazo la kututaka tuwe waangalifu libandikwe na upande wa ndani wa dirisha, anapokaa mwenye mhuri, daftari na mashine ya vidole. Sisi wa nje tumelikariri.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwananchi
(jina mnalo)

Nakala: Kijana wa huduma kwa wateja. Ya kwake msihangaike kuituma, atakuwa nayo.